Like Crazy ya Jimin: wiki ya kwanza namba 1, wiki ya pili namba 45. Nini kilitokea?

#1 BintiChumbageni
Wakuu, habari. Kuna jambo linanikaa rohoni tangu 2023, na kila nikiuliza nyumbani naambiwa "achana na Wakorea wako". Hapa najua wa kunijibu wapo.

Albamu ya FACE ya Jimin wa BTS, lile kundi la Korea la vijana saba, ilitoka Ijumaa tarehe 24 Machi 2023, saa saba mchana kwa saa za Seoul, yaani saa moja asubuhi kwetu. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza Ramadhani. Nimekula daku, nimeswali, sikulala tena. Nilijifunika khanga, simu sikioni, mpaka saa moja ikafika. Siku ile ile ya kwanza, kwa hesabu ya Hanteo, wale wanaohesabu mauzo ya albamu Korea, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, na hakuna msanii wa peke yake aliyewahi kufika hapo kabla yake. Billboard 200, chati ya albamu, ikaingia namba 2. Kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, ya tarehe 8 Aprili, Like Crazy ikaingia moja kwa moja namba 1. Mkorea wa kwanza kukaa pale akiwa peke yake! Hata PSY na Gangnam Style mwaka 2012 aligota namba 2.

Wiki iliyofuata: 45.

Nililia, sioni haya kusema. Kijana kakaa chini kaandika albamu yake mwenyewe, kasema yaliyomsibu wakati wa korona, halafu dunia nzima inazungumzia kuporomoka tu. Naomba mnieleze bila kunificha: kosa la nani? Billboard? Kampuni? Sisi mashabiki? Au wimbo wenyewe?

#2 Tulizana
Naweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#3 RongaiBass
Niaje wadau. Mleta uzi, mimi nitakupa jibu moja tu: redio.

Hot 100 inajumlisha vitu vitatu, mauzo, kustrimu na redio. Wiki ya kwanza Like Crazy iliuza 254,000 ukichanganya za kupakua na zile CD za wimbo mmoja. Ikastrimiwa mara milioni 10 Marekani. Redio sasa: ilifikia wasikilizaji 64,000. Elfu sitini na nne, nchi nzima ya Marekani! Wimbo ulioko namba 1 kwa kawaida redio yake inahesabiwa kwa mamilioni.

Kwa hivyo wimbo ulisimama kwa mguu mmoja, mguu wa mauzo. Mtu akishanunua Ijumaa, Ijumaa inayofuata hanunui tena. Mguu ukiondoka nyumba inashuka. Kwani kuna siri gani hapo?

#4 MpembaMuscat
Assalaam aleykum. RongaiBass umeeleza vizuri, lakini miye nakuongezea kitu ambacho Wamarekani hawakijui na sisi tunakijua tangu utotoni.

Nendeni kwenye taarab. Bi mkubwa akiimba beti lake, mtu anainuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha, noti mkononi, anamtuza. Hamtuzi kwa sababu kaanza kuisikia nyimbo ile usiku ule. Anatuza ili watu wamuone kwamba huyu ni wangu na haya maneno yamenigusa. Zile 254,000 ni tuzo. Watu waliinuka vitini kwa pamoja wiki ile moja. Usiku wa pili mtu yule yule hainuki tena kwa nyimbo ile ile, anakaa anasikiliza. Sasa useme nyimbo imeshuka thamani? Haijashuka. Billboard imehesabu waliosimama, waliokaa haikuwahesabu.

#5 BintiChumbageni
Mpemba, hapo umenigusa kweli. Shukrani.

#6 KipepeoWaBusan
Binti, kwa nia njema kabisa nikurekebishe kidogo. Umesema "kaandika albamu yake mwenyewe". Ameshiriki kuandika, ndiyo, lakini hakuwa peke yake. Prodyuza mkuu ni Pdogg, yule yule aliyewalea kimuziki BTS tangu mwanzo 2013. Pamoja naye walikuwemo GHSTLOOP na EVAN, na kwenye Like Crazy wapo pia BLVSH na Chris James. RM, mwenzake wa BTS, naye jina lake limo kwenye waandishi wa wimbo huo.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo tamu lenyewe. Huyu Jimin alitoka Busan akiwa mcheza ngoma za kisasa za jukwaani, alisomea sanaa hiyo sekondari. Miaka yote kumi alijulikana kwa mwili wake na ile sauti ya juu. Kuandika si ndiko kulikomjulisha kwa watu. Korona ikawakatia ziara, akabaki na nafsi yake, akajikuta hajijui. Akawafungulia moyo wenzake, wakamwambia hayo uliyonayo yaweke kwenye nyimbo. Oktoba 2023 ilitoka filamu ya jinsi albamu ilivyotengenezwa, Jimin's Production Diary. Itafuteni. Mle utamwona mtu anakaa mezani na wenzake, anatafuta neno, anafuta, anaimba kipande kile kile tena na tena, hajaridhika. Mimi nashona nguo, na nilimwelewa pale pale. Ukifumua mshono mara ya tano si kwamba hujui kushona, bali unajua unachokitaka.

#7 MzeeSikinde
Vijana shikamooni kwa kunyamaza kwangu, leo nimeamua kuchangia. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu.

Mimi nimekulia kwenye dansi. Nimeona Msondo na Sikinde wakigombania mji wa Dar es Salaam, na mashabiki tulikuwa hatusalimiani. Lakini hatukuwa na mtu wa kutuhesabia kila wiki. Wimbo ulikuwa mzuri kwa sababu ulipigwa kwenye harusi miaka ishirini baadaye. Nauliza kwa nia njema: hiyo namba 45 inawaumiza nini hasa? Na je, ni huyu peke yake aliyewahi kuanguka hivyo?

#8 RongaiBass
Marahaba... ngoja, shikamoo Mzee, umetuchanganya na salamu yako 😂

Si yeye peke yake. Trollz ya 6ix9ine na Nicki Minaj mwaka 2020 ilitoka 1 ikaenda 34. Hata BTS wenyewe, Life Goes On, ilitoka 1 ikaenda 28. Zote ni hadithi moja, mauzo mengi na redio kidogo. Ndiyo maana nasema tusitafute mchawi.

#9 SwegaMwanza
Mchawi yupo. Mimi nilistrimu Like Crazy usiku na mchana, wiki mbili, simu mbili, bando langu lote la mwezi liliishia pale. Darasa zima chuoni tulipangiana zamu. Halafu mnaniambia wimbo umeshuka nafasi 44? Strimu zetu zilikwenda wapi? Hawa walizifuta.

#10 DadaMinnesota
Mdogo wangu Swega, pole na bando lako, ila hazikufutwa. Hot 100 inahesabu Marekani peke yake. Strimu ya Mwanza inaingia kwenye Global 200, chati waliyoianzisha 2020. Kwenye Hot 100 haikuwahi kuhesabiwa hata moja, wiki ya kwanza wala ya pili.

Sasa mimi niliyekuwa huku Marekani nikupe upande wangu. Zamani mtu mmoja aliweza kupakua wimbo mara nne kwa wiki na zote zikahesabika. Mwanzoni mwa 2022 Billboard wakabana, ikawa moja tu kwa mteja. Kwa hiyo wiki ile tulikuwa tunanunua matoleo: kuna wa Kikorea, wa Kiingereza, rimiksi ya Deep House, ya UK Garage, na ule wa ala tupu. Nilinunua yote matano nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, nimekaa kwenye gari, theluji bado haijayeyuka. Ijumaa iliyofuata sikuwa na cha kununua tena. Nilivyoona 45 niliumia, lakini sikushangaa.

#11 SwegaMwanza
Dada kumbe. Hilo la Marekani peke yake sikulijua, nimekubali. Lakini la mchawi silirudishi. Soma posti yangu ijayo.

#12 SwegaMwanza
Haya. Jimin anatoka Machi 2023, hana redio. Miezi minne baadaye, tarehe 14 Julai, kampuni ile ile inamtoa Jungkook, mwenzake wa BTS, na wimbo wa Seven. Kiingereza kitupu, kashirikishwa Latto ambaye ni Mmarekani, redio mamilioni ya wasikilizaji wiki ya kwanza tu. Nayo ikaingia namba 1, ila ikashuka kwa ngazi, haikudondoka kutoka darini. Kwa nini yule alipikiwa pilau na huyu akapewa uji? Hilo si swali la Billboard, ni swali la HYBE, kampuni yao.

#13 KipepeoWaBusan
Swega nakuheshimu lakini hapo unatupeleka kwenye ugomvi wa ndugu na mimi sitaki. Wote saba ni wetu.

Tazama mpangilio. J-Hope alitangulia na Jack in the Box, Julai 2022. Jin akafuata na The Astronaut, Oktoba. RM na Indigo, Desemba. Jimin akaja Machi. Kila mmoja alichagua alichotaka. Jimin alitaka albamu ya nyimbo chache, nyingi kwa Kikorea, ya kusema yaliyomo moyoni mwake. Jungkook alisema wazi anataka kuwa nyota wa pop wa dunia nzima, na albamu yake Golden yote ni Kiingereza. Ukitaka kuuza mkaa kwa watu wa mjini unaufikisha mjini. Ukitaka kuota moto wako nyumbani, huna haja ya lori.

#14 SwegaMwanza
Kiingereza? Like Crazy nayo ina toleo la Kiingereza, wimbo wa sita kwenye albamu. Kwa hiyo alitaka kufika mjini. Aliyetakiwa kuleta lori hakuleta.

#15 KipepeoWaBusan
Hapo umenibana. Nikubali, hata mimi naona kampuni ilikuwa bado inajifunza jinsi ya kumtoa mtu mmoja mmoja. Juni 2022 walipotangaza tu kwamba kila mmoja atafanya kazi zake, hisa za HYBE zilianguka kwa karibu robo kwa siku moja. Walikuwa na hofu. Lakini kutojua na kunyima ni vitu viwili.

#16 Makachari
Mimi nitasema ambalo wote mnalikwepa. Wimbo uliotangulia, Set Me Free Pt.2, ule wa tarehe 17 Machi, ulinikata hamu. Kwaya kubwa, tarumbeta, uchezaji wa hatari, halafu sauti yake imefunikwa otochuni nyingi mno. Mtu ana sauti kama filimbi ya mwanzi, kwa nini umpitishe kwenye mashine? Watu wengi waliosikia ule wakadhani albamu yote iko hivyo, hawakurudi. Hiyo ndiyo sababu yangu.

#17 MpembaMuscat
Makachari, otochuni ile ni ya makusudi. Mtu anapiga kelele akitaka kufunguliwa, sauti isiwe tamu! Ukitaka utamu wake sikiliza Serendipity ya 2017. Hichi ni kitu chengine.

#18 Makachari
Makusudi au si makusudi, sikio langu halikupewa barua ya maelezo. Lakini Alone, wimbo wa nne, ndio bora kwenye albamu nzima na hakuna anayeutaja. Uzi una posti kumi na saba, watu wanapigania wimbo mmoja.

#19 DadaMinnesota
Makachari kweli. Na mimi niseme la Like Crazy ambalo si la namba.

Jina lile Jimin alilichukua kwenye filamu ya 2011 yenye jina hilo hilo. Binti wa Kiingereza na kijana wa Los Angeles wanapendana, binti anapitiliza muda wa visa ya masomo kwa ajili ya mapenzi, akirudi Marekani anazuiwa uwanjani. Baada ya hapo ni miaka ya simu na safari, na mapenzi yanaisha polepole, kama sabuni kwenye maji. Mimi na baba watoto wangu visa ilitutenga miaka miwili. Yeye Arusha, mimi huku. Nikiamka yeye anamaliza kazi. Tulikuwa tunaacha simu wazi usiku bila kuongea, nasikia feni yake inazunguka na mbwa wa jirani. Niliposikia Like Crazy, ile hali ya mtu anayeng'ang'ania ndoto na hataki kuamshwa, nilizima gari nikatulia. Sisi alhamdulillah tulifika salama, wale wa kwenye filamu hawakufika.

Kwa hiyo mkisema "wimbo haukuwa na nguvu ya kubaki", mimi kwangu umebaki.

#20 BintiChumbageni
Dada Minnesota sina la kusema. Mungu awatunze.

#21 MzeeSikinde
Visa hiyo hiyo. Wakati wetu ilikuwa uhamisho wa kikazi, mtu anapelekwa Kigoma, mkewe anabaki Lindi. Barua inachukua mwezi.

Nimemwomba mjukuu aniwekee hiyo albamu. Nitarudi.

#22 Tulizana
Mzee anakwenda kusikiliza K-pop. Uzi huu usifungwe na mtu.

#23 KambiYaMakutupora
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Hivi ni kweli walikwenda jeshini wote? Mimi nimepita JKT kwa mujibu wa sheria, miezi michache tu, na nilirudi sauti imekauka kwa kuimba chenja alfajiri. Msanii wa kiwango hiki anapotea mwaka mzima na nusu?

#24 KipepeoWaBusan
Wote saba walitumikia, ila Suga alifanya utumishi wa umma badala ya kambi. Jin alitangulia Desemba 2022. Jimin na Jungkook waliingia pamoja tarehe 12 Desemba 2023, wakatoka pamoja tarehe 11 Juni 2025. Jeshi la nchi kavu kule ni miezi 18.

Na hii si nje ya mada hata kidogo. FACE ilitoka miezi tisa kabla ya yeye kunyolewa nywele. Walikuwa wanakimbizana na kalenda. Huenda ndiyo maana hakukuwa na ziara yake binafsi, wala ile miezi ya kuzunguka kwenye redio za Marekani. Muda haukuwepo.

#25 SwegaMwanza
Suga aliingia utumishi wake Septemba 2023, mapema kuliko Jimin, na ziara alifanya, kuanzia Aprili ile ile. Muda ulikuwepo.

#26 KipepeoWaBusan
Swega wewe ulipaswa kuwa wakili.

#27 RongaiBass
Mimi nirudishe mambo kwa hesabu, kwa sababu kuna ushahidi hamjauleta. Julai 2024 Jimin yuko kambini, hawezi hata kwenda televisheni. Inatoka albamu ya pili, MUSE, na wimbo wa Who. Uliingia Hot 100 namba 14, ukapanda mpaka 12, haukuwahi kufika 1. Lakini ulikaa wiki 33! Dynamite ya BTS wote, iliyokuwa namba 1 mwaka 2020, ilikaa 32. Mtu yuko na buti na bunduki, wimbo unatembea wenyewe.

Sasa mnieleze. Kama tatizo lilikuwa msanii kutopigiwa debe, huyu wa jeshini alipigiwa debe na nani? Nimeanza kushuku hata nadharia yangu mwenyewe ya redio. Pengine Who ni wimbo wa kurudiarudia na Like Crazy ni wimbo wa usiku, wa hali fulani.

#28 SwegaMwanza
Au pengine kampuni ilisikia kelele zetu za 2023 ikajirekebisha. Wimbo hautembei wenyewe, bwana Rongai. Mtu akikuambia nazi imepanda mnazi, muulize nani alikuwa juu.

#29 MpembaMuscat
Au waliokaa vitini mwaka ule wa kwanza ndio waliokuwa wakisikiliza mwaka wa pili. Like Crazy yenyewe imeshapita strimu bilioni moja Spotify. Nyimbo iliyokufa haifiki bilioni.

#30 Makachari
Hilo la bilioni ni zito. Halafu nikumbushe: Spotify yenyewe ilikuja Kenya na Tanzania Februari 2021 tu. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tunasikiliza BTS kwa nyimbo za kurushiana kwa bluetooth. Kwa hiyo mimi na nyinyi tumo kwenye bilioni ile, japo kwenye Hot 100 hatumo.

#31 BintiChumbageni
Nimesoma yote mpaka hapa. Kuna kitu nilikuwa naona aibu kukisema.

Nakala ya FACE ninayo. Tulichanga watu wanane kama upatu, kila mwezi mmoja wetu anaagiziwa albamu. Zamu yangu iliangukia FACE. Mzigo ulikaa ofisi moja ya vifurushi wiki sita, wananiambia njoo kesho, na siku ya kuupata nikalipishwa karibu sawa na bei ya albamu yenyewe. Nilifika nyumbani nikafungua juu ya kitanda. Ni toleo la Undefinable Face. Kitabu cha picha kizito, kinanuka wino mpya, fotokadi imelala katikati ya kurasa. Na CD.

Mle kwenye CD kuna wimbo uliofichwa, Letter, alioutunga kwa ajili yetu mashabiki. Haukutoka Spotify pamoja na zile nyingine, uliwekwa kwenye CD. Na mimi sina cha kuchezea CD. Nyumba nzima hakuna, hata kompyuta za sasa hazina tundu. Mwaka wa tatu huu CD imekaa kwenye jalada lake. Nimeisikia vipande vipande kwa watu mtandaoni, lakini yangu mwenyewe sijawahi.

#32 FundiSpika
Dada, hilo tu? Uliza kwa wazee, ile redio kubwa ya mikanda yenye mfuniko wa CD juu. Kila nyumba ya pwani ilikuwa nayo, sasa imefunikwa kitambaa na kuwekewa maua ya plastiki. Ikigoma kusoma, usiitupe. Fungua mfuniko, utaona kijicho kidogo cha kioo. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, tia spiriti kidogo, futa taratibu bila kukandamiza. Subiri ikauke. Mara tisa kwa kumi ni vumbi.

#33 BintiChumbageni
Fundi! Shangazi anayo. Iko juu ya kabati, ina maua kweli.

#34 MzeeSikinde
Nimerudi. Nimeisikiliza yote, dakika kama ishirini hivi, mara tatu. Kikorea sijui, mjukuu alinisomea tafsiri ya hapa na pale.

Nyinyi mnaupigania wimbo wa tatu kama vile umezaliwa peke yake. Mimi wakati wangu tulikuwa tunaweka sahani upande A tunasikiliza mpaka mwisho. Anaanza na hasira, huo wa kwanza, Face-off, mtu kaumizwa na watu aliowaamini. Baada yake kipande kisicho na kuimba, kama mtu anazama. Akishazama ndipo unakuja huo wenu, ana raha ya kilevi ambayo anajua asubuhi itaisha. Asubuhi ikifika yuko peke yake, huo Alone, hapo namuunga mkono kijana Makachari, wimbo mzuri sana. Na mwisho anavunja minyororo kwa kelele. Hata hiyo otochuni mnayoigombania nimeielewa nilipoisikia mahali pake. Ukiusikia wa tano kabla ya wa kwanza, kama walivyoutoa wiki moja mbele, lazima ushangae huyu anamfokea nani.

Kwa hiyo na mimi naongeza sababu yangu: waliutoa mwisho kwanza.

#35 Makachari
Mzee, umefanya nikaisikilize upya saa hii.

#36 RongaiBass
Mzee hiyo inaeleza kwa nini watu hawakuipenda albamu. Haielezi 45. Ule wimbo uliotangulia nao uliingia Hot 100 namba 30, haukuwa na shida.

#37 MzeeSikinde
45 sijaieleza kwa sababu sikuisikia kwenye spika.

#38 SwegaMwanza
Mzee 👏🏾 Lakini kampuni bado nawadai.

#39 BintiChumbageni
Nimetoka kwa shangazi sasa hivi. Naandika nikiwa njiani, mnisamehe makosa.

Redio iligoma. Ilizungusha CD, ikaandika "NO", ikanyamaza. Nikafanya alivyosema Fundi, spiriti niliipata kwa jirani anayetoboa masikio. Shangazi kasimama mlangoni anasema utaniharibia redio ya marehemu. Nikafunga mfuniko. Ikazunguka, ikasoma. Wimbo wa kwanza mpaka wa sita tulizipita zote, sikutaka kuruka, Mzee Sikinde ulikuwa kichwani mwangu. Like Crazy ya Kiingereza ikaisha, kukawa kimya, nikadhani imekwama. Halafu ikaanza.

Ni laini. Haina ngoma kubwa, gitaa na sauti yake tu, ile isiyopita kwenye mashine. Shangazi alikuwa anachambua mchele, akaacha mkono ndani ya ungo. Akaniuliza huyu anaimba nini, nikamwambia anaandika barua. Kwa nani? Kwangu na wenzangu. Akasema irudishe mwanzo.

Tuliisikiliza mara nne. Ila nina swali, na hili si la chati: kule nyuma kuna sauti ya pili inayomshikia. Si ya Jimin. Ni nani?

#40 KipepeoWaBusan
Jungkook.

#41 SwegaMwanza
Jungkook?? Subirini. Nani alikuwa nayo hii tangu 2023 na hakuniambia?